Yah: Kiti Changu na Mtu Aliyesema "Karibuni"

Ndugu Mkurugenzi,
Idara ya Habari za Vita,
Ghorofa ya Tatu (mlango wenye kitasa).

Kwa heshima zote, na kwa moyo mzito, natangaza kwamba kiti changu kimekaliwa. Ni kile chenye magurudumu matano, yanayozunguka yakiwa manne, na mto wa kijani alioushona mke wangu alipochoka kunikanda mgongo. Tangu Jumatatu saa nne asubuhi anakikalia mmoja wa wale walioshuka kutoka angani, nami nakaa juu ya boksi la vipeperushi. Najua yapo mambo mengine yaliyotokea Jumatatu hiyo, kama vile nchi kuvamiwa, na sikatai kwamba nayo yana uzito wake. Lakini wewe mwenyewe hutufundisha kwamba habari ianze na kile kinachomgusa mtu. Mimi kimenigusa kiunoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliyekikalia kiti hana makalio. Nimemchunguza kwa adabu, mbele na nyuma, ikiwa hiyo ndiyo nyuma. Ana mikono miwili, miguu mitatu, macho matatu na shingo ndefu kama bomba la moshi, halafu basi. Amejilundika tu pale juu kama nguo zinazosubiri kufuliwa, na kila baada ya nusu saa anajizungusha mara moja na kucheka peke yake. Kicheko hicho nakifahamu, maana ndivyo nilivyofanya mimi siku niliyokabidhiwa kiti.

2. Wanaamini kila nilichoandika. Mke wangu haniamini nikisema natoka kazini, lakini hawa wametusikiliza huko juu kwa miaka yote mitatu ya vita vyetu na watu wa ng'ambo ya mto, kila tangazo la kila kipaza sauti. Ndivyo walivyojifunza Kiswahili, na ndiyo maana huanza na "Wananchi watukufu" hata wakiulizia choo. Wamekuja kuiona nchi ambayo mabomba yake hayajawahi kukauka hata dakika moja. Kumi na wawili kati yao wamesimama mbele ya bomba la uani tangu Jumanne, wakisubiri. Hawanung'uniki. Mwingine anataka kumpa mkono yule askari wetu aliyeteka kifaru kwa ufagio. Nimemwambia yuko likizo.

3. Wameniharibia adui. Utakumbuka uliniagiza nichore watu wa ng'ambo ya mto kwa namna ya kutisha, nami nikawapa macho matatu na shingo ndefu. Basi wageni walipotokea sokoni hakuna aliyekimbia. Mama mkwe aliwatazama, akasema, "Kumbe ndio hawa? Mbona wapole," akaendelea kuchagua vitunguu. Watu wa ng'ambo nao walivuka mto kuja kushangaa, na kwa kuwa wana macho mawili mawili kama sisi, hakuna aliyewatambua. Mmoja yuko kwangu siku ya tatu sasa. Nilidhani ni binamu wa upande wa mke, mke akadhani ni wa upande wangu. Anaosha vyombo vizuri sana. Nitaandikaje maneno makali juu ya mtu anayejua sufuria zetu zinakaa wapi?

4. Yule wa kiti sasa ananihariri. Kwao hakuna uongo, hata neno lake hawana. Nilipojaribu kumweleza alidhani ni ugonjwa, akaniuliza unaanzia wapi. Niliandika "Maelfu ya wavamizi wamejaa mjini", akafuta, akaandika, "Tuko thelathini na mmoja. Mmoja ana mafua." Niliandika "Wananchi wetu wamesimama imara", akachungulia dirishani, akaandika, "Wengi wameketi."

5. La tano ndilo zito. Jeshi halikuwagusa, na sababu ni neno moja tu. Mwanasheria wa idara anaeleza kwamba walifuata sauti ya vipaza sauti mpaka mlangoni kwetu, wakapiga hodi, na mtu fulani ndani akajibu, "Karibuni." Mvamizi aliyepiga hodi akakaribishwa si mvamizi tena, ni mgeni, na mgeni haondolewi kwa mizinga. Kwa hiyo nchi imekwenda kwa neno moja, tena lililotamkwa bila kibali cha ofisi yako. Kamati ya uchunguzi, ambayo katibu wake ni mimi, imeona kwamba wa kujibu hodi ni mpokezi, yaani Shangazi, kama sote tunavyomwita. Ataachishwa kazi kesho Ijumaa, miezi minne kabla ya kustaafu. Yeye anasema saa ile hakuwepo mapokezi. Kamati imesema kila mtu husema hivyo. Nami nikatia saini, kwa wino mpya.

Kwa hiyo naomba kiti kirudishwe. Bomba la uani litoe maji, angalau nusu saa, kunisitiri. Na aliyetamka neno lile aadhibiwe vikali, bila huruma na bila kutazama cheo.

Nisalimie wote hapo juu: mwanasheria, dereva wako, na mhasibu ambaye nasikia bado yuko chini ya meza. Huku chini sote ni wazima, isipokuwa yule wa mafua, naye anaendelea vizuri.

Wako mtiifu, juu ya boksi,
Mkuu wa Kitengo cha Vipeperushi.

Baada ya saini:

Barua ilikuwa imeshakunjwa Shangazi alipoingia kuaga. Akaukuta mto wangu wa kijani chini ya mgeni. Akamwomba, mgeni akajiinua akampa. Mimi kwa siku nne nilikuwa natafuta maneno ya barua. "Mdogo wangu," akaniambia, "mgongo wenyewe huo wa kukandwa, ndio unaukalisha kwenye boksi? Hebu inuka kidogo." Akaniwekea. Kisha akauliza kama wino ule ulinifaa, au ni ule mwepesi.

Wino, Ndugu Mkurugenzi. Jumatatu saa nne Shangazi alikuwa stoo, akitafuta wino niliomtuma mimi. Ndani nilikuwa peke yangu, nimeinamia kipeperushi cha kutisha: "Yeyote atakayethubutu kugusa mlango wetu ata…" Nilikuwa natafuta kitenzi kikali. Nikasikia hodi. Bila kuinua kichwa nikasema, "Karibuni, piteni ndani." Nilipotazama, kulikuwa na mmoja amesimama kwa miguu yake mitatu, anaonekana katoka mbali na kachoka. Nikampisha kiti. Hakuninyang'anya. Alikataa mara mbili, mimi ndiye niliyesisitiza.

Basi ni mimi. Shangazi abaki mezani kwake, na saini yangu kwenye ile ripoti naifuta hapa, kwa wino uleule. Adhabu niliyoipendekeza naiona kali kidogo, lakini nimeiandika mwenyewe.

Kile kipeperushi bado kiko mezani. Mgeni amekiona sasa hivi, kaona sentensi haijaisha, akachukua kalamu na kuimalizia: "atakaribishwa."

Nimeisoma mara mbili. Sina cha kusahihisha.