Zana ya Kitufe Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni leo! Programu yangu ya kutunza vipimo vya wateja wa mafundi cherehani imekamilika. Imebaki kuifungasha na kuifikisha kwenye duka la programu kabla ya Jumamosi. Siku hiyo chama cha mafundi kinakutana, na hawaweki kwenye kompyuta zao kitu kisichotoka dukani. Dada ndiye katibu wao, na amenidhamini kwa mdomo wake mwenyewe. Shemeji, mumewe, naye ni mtu wa kompyuta. Anajiona! Kashauri nitumie zana ya kufungashia inayokutaka uorodheshe faili moja moja. Moja moja, jamani! Nimechagua ya kitufe kimoja. Unaionyesha folda, inabeba. Shemeji ana wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimebonyeza. Kifurushi kimetoka kikubwa ajabu, kimechukua saa nne kupakia. Nikajisemea, kazi ya maana lazima iwe na uzito.

Jumatano, 5 Machi

Aibu gani hii! Duka limekataa. Mkaguzi kaandika kwa adabu kwamba ndani ya kifurushi kuna picha za harusi ya jirani, barua zangu tisa za kuomba kazi, na shajara hii. Yote! Na kaisoma. Kanipa pole ya jino nililong'olewa Januari. Kisha akauliza, kwa heshima zote, kwa nini simsikilizi shemeji yangu. Hata yeye!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kibandani kwa Dada kumwambia hatutawahi. Nimemkuta anampima bi harusi mtarajiwa kwa mara ya tatu. Daftari la vipimo liliingia maji. Binti wa watu kanuna, mikono juu. Dada akanigeukia akitabasamu, akasema ameshawaambia mafundi thelathini kuwa mdogo wake si mtu wa mchezo. Nikaaga bila kumwambia. Iliniuma, kweli. Nikaenda moja kwa moja kwa Shemeji. Tukaorodhesha faili. Kumi na nne tu! Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Ijumaa, 7 Machi

Imepita! Dada kapiga vigelegele mpaka fundi wa kibanda cha pili akasimamisha cherehani. Shemeji kasema kuanzia sasa hakuna kuharakisha kazi. Nimeapa, mkono kifuani.

Jumamosi, 8 Machi

Mafundi wote thelathini wameiweka. Dada kanishika mkono mbele za watu, machozi yakanilenga. Wakampigia makofi na Shemeji pia. Kwa lipi? Mwenyekiti wa maseremala, mgeni mwalikwa, akauliza kama nao wanaweza kutengenezewa yao. Shemeji akafungua kinywa aseme miezi miwili. Nikamuwahi. Jumatatu, mzee, usiwe na shaka! Nimeshapata zana mpya. Hii haina hata kitufe, inafungasha na kutuma yenyewe. Dada, masikini, ameshanidhamini.