Mgongo wa Talib

Talib wa Wawi alipofika Tumbe akakuta harusi tatu zinaandaliwa wiki moja, mate yalimjaa kinywani. Dawa ya ngozi ya kuwauzia mabibi harusi hakuwa nayo. Alikuwa na gundi ya karatasi, marashi na vikopo arubaini, na kwa mtu kama Talib hiyo ni hospitali nzima.

Akaegesha vespa yake, akavua shati ili watu waone ngozi inavyong'ara kwa mafuta ya nazi, akaanza.

"Ngozi ina matabaka matatu, mama zangu! La juu hufa kila siku. La kati ndimo mlimo na jasho na hisia. Ukichomwa sindano, hilo ndilo linalolia. La chini ni mafuta, na wengine hapa tumejaaliwa!" Wanawake wakaangua kicheko. "Lakini ukiona baka lisilosikia sindano, usicheke. Ukoma huo!"

Akampaka gundi mkononi Suhaila, bibi harusi wa Ijumaa, akasugua. Gundi ilipokauka ikajiviringa vipande vipande.

"Mnaona? Ngozi iliyokufa ya miaka ishirini!"

Mama yake Suhaila akaona aibu, akanunua vikopo sita. Mwenye chunusi akanunua, mwenye choa akanunua, na asiye na kitu akanunua ili asichekwe. Suhaila akatangaza kuwa hataki tena kusingwa, kusuguliwa mwili kwa manukato ya harusi. Bi Mwanawema, aliyewasagia singo ya karafuu na maua mabibi harusi wote wa Tumbe, alikuwa amekaa mbele kabisa na hakukunja uso hata kidogo.

Talib alipokuwa akifunga mkoba, bibi huyo akamgusa bega.

"Mwanangu, hili baka la mgongoni walijua?"

"Baka gani, Bibi?"

"Jeupe, kama kisahani cha chai. Geuka n'lidunge sindano."

Talib akageuka, akangoja.

"N'shadunga mara tatu. Wasikia?"

"Sisikii kitu!"

"Lahaula!"

Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye pindo la kanga ya bibi. Lakini nani aliyewahi kuuona mgongo wake mwenyewe? Talib akawaona akilini watu wote wa Wawi wakimkimbia.

"Lapona, Bibi?"

"Siku saba. Ukae ndani usionekane, n'kupake liwa asubuhi na jioni. Ila dawa yangu ghali."

"Chukua mkoba! Chukua vespa!"

Bi Mwanawema akachukua vyote viwili, pamoja na kadi ya vespa.

Siku saba Talib alifungiwa chumbani kama mwari, uso mzima liwa, ananukia mpaka njiani, na wanawake wakipita dirishani wakimpigia vigelegele. Siku ya nane akaenda hospitali kwa miguu. Daktari hakuona baka lolote. Kwa kuhakikisha, akamdunga kidogo mgongoni, na Talib akapiga yowe lililowainua wagonjwa kwenye mabenchi.

"Mgongo mzima kabisa huu," daktari akasema.

Talib akamkumbatia daktari, akamkumbatia na mlinzi, akatoka mbio kwa mazoea kwenda kuwasha vespa. Uwanjani hapakuwa na vespa. Hapo ndipo akili zilipomrudia. Akapiga simu kwa hasira.

"Bi Mwanawema! Daktari kasema sina baka! Sina kitu chochote!"

"Alhamdulillahi," bibi akajibu, huku vespa ikinguruma nyuma ya sauti yake. "Si n'likwambia dawa yangu yaponya?"