Biblia Zifungiwe Ofisini Mpaka Brightness Apande Basi

Kutoka kwa Anaeli Kweka,
Fundi Mkuu wa Giaboksi,
Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam.

Kwa Mchungaji Aristides, ambaye kwa cheo ni baba yangu na kwa umri ni mwanangu,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, presha sina, na macho yangu yanasoma namba ya basi la mwendokasi kabla dereva hajaiona barabara. Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe kwa sasa imebaki kidogo.

Jumapili iliyopita ulisimama madhabahuni ukatuambia tusimeze kila tunachohubiriwa. Ukasema kila mmoja akifika nyumbani afungue Biblia yake aone kama ndivyo ilivyoandikwa, na hata wewe tukuchunguze. Ukawasifia watu wa Beroya, kwamba walimsikiliza Paulo halafu wakaenda kuhakikisha. Mchungaji, hao watu wa Beroya mimi siwafahamu, na sisi wa Machame hatujawahi kuoana nao. Lakini moto waliouwasha umefika nyumbani kwangu Buguruni, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kila Desemba nafunga karakana, nachukua familia nzima, tunapanda Machame, kwetu kijijini. Hiyo si starehe, ni Neno. Tukiwa watoto, mwinjilisti wetu alitufundisha kwamba Krismasi lazima kila mtu arudi kwao, kwa sababu Yusufu alirudi kwao. Mimi sikuuliza. Baba yangu hakuuliza. Mbuzi nao hawakuuliza.

Mwaka huu Brightness, mke wa mwanangu Benedict, ana mimba ya kwanza. Tumbo limeshuka, na nesi wa kliniki amemkataza safari kwa sababu presha inampanda. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, Mariamu alikuwa na mimba kubwa kuliko hiyo, na alikwenda. Tiketi yako ya Jumamosi hii hapa." Zamani neno kama hilo lilikuwa linafunga kikao. Safari hii akasema, "Sawa baba, naomba kwanza nikusomee." Akafungua Luka pale pale mezani, pembeni ya bakuli la mtori wa ndizi.

"Baba, hii ilikuwa sensa. Kaisari alitaka kuhesabu watu wake. Sisi tulishahesabiwa hapa hapa Buguruni. Wewe mwenyewe ulimpa karani kiti."

Ni kweli kiti nilimpa. Lakini nilikitoa kwa ukarimu, si ili kije kuwa ushahidi dhidi yangu.

2. Mke wangu, Mama Benedict, tangu tufunge ndoa alikuwa anasoma kadi za harusi tu. Sasa naye amevaa miwani. Jumanne ananiambia, "Baba Benedict, hebu nieleweshe. Yusufu si alikwenda kwao? Sasa anakosaje pa kulala kwao, mpaka anahangaika na gesti? Hana shangazi? Hana hata mjomba mlevi mwenye chumba?"

Nikaomba chai kama mtu mwenye hekima.

"Au alikuta ndugu zake wa Arusha wameshawahi vitanda, kama sisi mwaka jana tulivyolala kwenye pikapu ya kaka yako?"

Wakacheka wote wawili, Brightness ameshikilia tumbo. Mchungaji, nilihisi mjukuu wangu naye anacheka.

3. Benedict, mwanangu wa kuzaa, nilipomtaka atoe msimamo, alisema, "Mzee, hapo mimi sipiti." Akaenda kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

4. Nikapeleka shauri kwa jirani yangu wa Gerezani, Mwinyimvua muuza rejeta za magari. Ni Mwislamu safi, mzee mwenzangu, na nilijua mzee hamwangushi mzee. Akanywa kahawa yangu yote, ndipo akafungua mdomo. "Anaeli, kitabu ni chenu, mimi nauza rejeta. Lakini tangu lini aliyesoma akosee, wewe uotee upatie?" Nikamwambia mimi darasa la nne nimemaliza, na darasa la nne la zile enzi lilikuwa linatoa watu, si hawa wa siku hizi wanaoshindwa kushika jembe na kalamu vyote viwili. "Basi kasome," akasema. Tazama tusi hilo! Mbele ya wateja!

5. Mimi nimefungua giaboksi za Kijerumani, za Kijapani, na nyingine ambazo hata waliozitengeneza wamezisahau. Sijawahi kufungua kitabu cha hata moja. Naweka sikio, nasikiliza inavyolia, nimemaliza. Fundi akianza kusoma kitabu mbele ya mteja, mteja anatafuta fundi mwingine. Sasa kama giaboksi, ambayo imetengenezwa na binadamu, haihitaji kusomewa, iweje wokovu, ambao ni wa Mungu, uhitaji kusomewa? Hapo hata chuo cha wachungaji hakina jibu. Zipo giaboksi chache zilizorudi, sikatai, lakini hizo ziliharibiwa na madereva.

6. Naomba uone mbele tunakokwenda. Leo ni basi la Machame. Kesho watauliza imeandikwa wapi kwamba firigisi ni ya baba. Keshokutwa watauliza imeandikwa wapi kwamba wazee wa kanisa tukae kwenye viti vyenye mito, na wajane wakae kwenye mbao. Halafu watakufikia na wewe: imeandikwa wapi kwamba matangazo yawe marefu kuliko mahubiri, na imeandikwa wapi kwamba mtumishi akitembelea nyumba ya mtu lazima jogoo afe? Mwishowe watayafikia maneno ya Yesu mwenyewe, Mchungaji, na huko sina hakika kama mimi na wewe tumejiandaa.

Kwa hiyo naomba, na ukitaka chukulia kuwa nadai: Biblia zote zikusanywe zifungiwe ofisini kwako, kama ninavyofungia spana zangu. Anayetaka kusoma asomee hapo hapo, mzee mmoja akiwa amesimama nyuma yake. Wakaidi wapewe Kitabu cha Hesabu, zile sura zenye majina ya koo, ambazo hazijawahi kumsumbua mtu. Na kabla ya Jumamosi umpigie simu Brightness, umwambie kwa ile sauti yako ya madhabahuni kwamba safari ni amri na kwamba nesi hana upako.

Msalimie mama mchungaji na watoto. Wasalimie kwaya, hata wale wa sauti ya pili wanaoanza wenzao wakishamaliza. Msalimie mlinzi wa kanisa, mwambie ile baiskeli anayotaka kuniuzia aache kuisifia, ailete niione.

Ni mimi niliyekasirika katika Bwana,
Mzee Anaeli Kweka

Nyongeza: Nilikuwa nimeshailamba bahasha, nikaona bora nikuandikie mstari wenyewe, ili Brightness umsomee kwa namba asipate pa kuponyokea. Nikafungua Luka, nikasoma kwa kidole, mwenyewe, kuanzia juu. Desemba haimo. Machame haimo. Mbuzi hayumo. Aliyetoa amri ni Kaisari, na sikuona palipoandikwa kwamba Kaisari aliokoka. Nikafika pale mama anapojifungua, anamlaza mtoto kwenye hori la kulishia ng'ombe. Mchungaji, hori nalijua. Nimelisafisha utoto wangu wote, najua ng'ombe anaacha nini mle. Mwinjilisti wetu alikuwa anapaimba mahali hapo kama pambo, na sisi tunapiga makofi. Kidole changu kilikaa hapo muda mrefu, mpaka Mama Benedict akauliza kama nimesinzia.

Tiketi ya Brightness nimeirudisha stendi, na za kwetu sote. Mjukuu wangu atazaliwa hapa mjini, kwenye kitanda, nesi akiwa karibu. Ila nimewaambia ni wewe uliyeamuru tubaki, kwa hiyo wakikushukuru pokea tu, usiniangushe.

Na kwa kuwa kitabu kilikuwa wazi, nimeendelea mpaka sura za mbele. Lile hubiri lako la tajiri na ngamia wa tundu la sindano, lile ulilotufafanulia kwamba wenye maduka Kariakoo wasiwe na wasiwasi, ngamia nimemwona, ila ufafanuzi huo siuoni humu. Jumapili nakaa benchi la mbele. Uje umejiandaa.