Mbinu Kumi na Nne za Kapteni Thadeus

Jumapili, 3 Agosti

Tumepigwa. Tena! Mara ya tisa mfululizo. Safari hii hata lango la kwanza hatukuliona.

Nieleze polepole, hapa hakuna wa kunikatiza. Gemu ni Lango la Zohali. Watu wanne wanashuka kwenye sayari ya wadudu wa chuma, wadudu wakubwa kama ng'ombe, na lazima wapite malango matatu wakiwa hai. Risasi yako humpata yeyote aliye mbele yako, awe mdudu, awe mwenzako. Hapo ndipo shida ilipo. Linet ana tabia ya kusimama mbele ya risasi zangu. Leo amesimama mara tatu.

Amekasirika. Aliweka pedi ya kuchezea chini mbele ya umati wote wa pale ukumbini kwa Nyangate, akasema nimemuua yeye mara nyingi kuliko wadudu wote wa Zohali. Linet ni msusi, amezoea kusema huku amemshika mtu kichwa. Duke wa bodaboda akamuunga mkono. Yeye alikuwa ameangushwa kwenye shimo, ananililia nimwinue, nami nikampita. Nilikuwa na shughuli!

Mwenzetu wa nne, Ombati, amehamia Nyamira tangu wiki jana. Anasema ni kazi. Duke anasema ni mimi.

Wamekata shauri. Wiki hii tunashindana na kikosi cha Haron kutoka Suneka. Tukishindwa, ukapteni unanitoka, na kiti changu kitatafutiwa mtu mwenye macho.

Nimerudi nyumbani bila kusalimu mtu. Nina miaka arobaini na mmoja. Kwaya ya parokia waliniondoa uongozini kwa ajili ya sauti. Kamati ya shule nilipata kura mbili, moja yangu, na Purity mke wangu anakataa kusema kama ile ya pili ilikuwa yake. Kwenye kituo cha chai mimi ni karani wa mizani na wachumaji huniita "wewe". Kwa Nyangate tu ndiko nikitokea mlangoni mtu husema Kapteni amefika. Wakininyang'anya hilo, nitaumia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumatatu, 4 Agosti

Dawa imepatikana. Tatizo la kikosi ni elimu!

Nimekaa kituoni asubuhi nzima nikiandika Mbinu Kumi na Nne za Vita. Ya Kwanza: usikimbie peke yako, kikosi ni watu wanne. Ya Tatu: jaza risasi kabla hazijaisha. Ya Tano: tazama aliye mbele yako kabla ya kufyatua. Ya Tisa: mwenzako akianguka, mwinue. Ya Kumi na Nne: mtii kapteni. Hii ya mwisho nimeipigia mstari mara mbili. Wachumaji walilalamika foleni haisogei. Niliwaambia wangoje, taifa linajengwa.

Nimezibandika ukutani kwa Nyangate. Linet amezisoma zote, akauliza nani ameziandika, maana ni nzuri. Nikamwambia ni mimi. Akazisoma upya, huku ananitazama.

Saa tisa mvua ikanyesha, ile ya Nyamache isiyobisha hodi. Akaingia Mama Bochaberi, jirani yangu, kikapu cha chai mgongoni, anajikinga. Jina lake Mokeira, ana miaka hamsini na mbili, mzee wa kike wa kanisa la Wasabato. Duke, kwa utani, akampa pedi ya Ombati.

Lo!

Aliuliza kama wale wadudu wanakula majani. Duke akasema wanakula kila kitu. Basi mama akawaanza mstari kwa mstari, kama anavyochuma, kidole gumba cha kushoto kina kazi yake na cha kulia kina yake, haruki mdudu hata mmoja. Lango la kwanza. Lango la pili! Mimi nilikuwa nimekufa mapema, kwa hiyo niliona vizuri. Mvua ilipokatika akaweka pedi, akashukuru, akasema majani yatachacha, akaenda zake.

Nimemsajili. Nimemwambia ana kipaji kidogo ambacho mimi nitakikuza.

Jumanne, 5 Agosti

Darasa la kwanza. Nimewafundisha Mbinu ya Kwanza kwa vitendo. Nilitangulia mbele kuwaonyesha jinsi ya kutokwenda peke yako. Nikafa.

Mama Bochaberi alirudi kuniinua. Nikafa tena. Akarudi. Mara sita! Hakununa hata kidogo. Aliniambia kwamba kwenye chai mchumaji akizidiwa na kikapu wenzake humngoja, hawamwachi mlimani.

Watu wakampigia makofi. Kijana mmoja akamwita Kapteni. Nilijitia hamnazo, lakini roho iliniuma. Jioni Purity akauliza kwa nini natafuna ugali kwa hasira hivyo. Nikasema una mchanga. Haukuwa na mchanga, nami sasa naosha vyombo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata njama tamu kabisa!

Haron na wenzake watatu ni Wasabato, wa kufa na kupona. Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia, hawagusi pedi hata uwape shamba. Siku hizi jua linazama saa moja kasorobo. Kwa hiyo mchezo uwe Ijumaa! Sisi tunatangulia saa tisa alasiri. Mama Bochaberi naye ni Msabato, lakini saa kumi atakuwa amemaliza kazi yake. Halafu nawachelewesha wageni kwa chakula na hotuba. Haron anakuja kushika pedi saa kumi na mbili unusu. Jua linazama. Anasimama, anaondoka, ameshindwa. Nani wa kulilaumu jua?

Nimempigia simu. Amekubali mara moja, mstaarabu sana. Amesema atalala kwa mjomba wake hapa hapa Nyamache. Akaniuliza kama nina hakika na Ijumaa, kwa vile ukumbi ni wa Nyangate. Nikamwambia Nyangate namjua miaka sita, asinifundishe. Akasema haya.

Maskini Haron. Nilimwonea huruma kwa dakika nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwomba Purity apike obokima, ugali wa wimbi, na chinsaga kwa ajili ya wageni wanne. Nimechagua chinsaga kwa makusudi, ni mboga inayoliwa bila haraka. Nikamweleza ratiba: kwanza tucheze sisi, wageni watazame, ndipo wale.

Purity akageuka na mwiko mkononi. Akauliza wageni watoke Suneka wakae na njaa kwenye benchi wakitazama mwanamume mzima akifa? Wamekuja kwake, watakula kwanza. Akataka kujua kama nataka jina lake litembee sokoni. Nikajaribu kueleza mkakati. Akasema mkakati nikaupike mwenyewe.

Sawa. Wale kwanza. Saa tisa wanakula, saa tisa unusu tunaanza sisi. Bado njama iko imara.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa hasira.

Saa tisa wageni wakafika nyumbani na mkungu wa ndizi. Saa tisa hiyo hiyo Purity akagundua unga wa wimbi hautoshi. Kwenye kinu kulikuwa na foleni. Tulikula saa kumi unusu! Tukanyanyuka saa kumi na moja, na Haron akiwa ameshukuru mara nne.

Tukaenda ukumbini. Haron akasema kwa upole kwamba kwa vile wao ni wageni, na Sabato inakaribia, angeomba watangulie. Ukumbi mzima ukasema ndiyo, ni haki yao. Purity, ambaye hajawahi kukanyaga pale maishani mwake, alisema ndiyo kwa sauti kuliko wote.

Sikufa moyo. Nikasimama nitoe hotuba ya ufunguzi. Nilisoma Mbinu zote kumi na nne, kila moja na mfano wake. Nikafika ya Kumi na Nne, nikarudia ya Kwanza kwa waliochelewa. Dakika thelathini na tano! Haron alikuwa akiandika kwenye daftari. Nilidhani naula muda wake.

Wakacheza dakika ishirini na tano tu. Walikwenda pamoja, wakatazamana, wakainuana. Kila mbinu yangu waliifuata, wezi wakubwa. Wakaanguka mbele ya lango la tatu, hatua kumi tu.

Saa kumi na mbili na dakika kumi ndipo sisi tukashika pedi. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu vizuri, na hesabu haikunipendeza. Nilimnong'oneza Mama Bochaberi afanye haraka. Akasema chai haichumwi kwa mbio.

Lakini jamani, tulicheza! Lango la kwanza, wote wanne hai. La pili, wote wanne hai! Duke alikuwa anaimba. Linet alinitazama akacheka, mimi, tangu Aprili hajanichekea. Lango la tatu likatokea kwa mbali, la buluu, linang'aa. Hatua ishirini tu. Tukilipita tumeshinda. Na saa ilikuwa moja kasoro dakika ishirini.

Ningetulia. Najua nilipaswa kutulia. Lakini nilimsikia yule kijana akisema twende Kapteni, na alikuwa akimwambia Mama Bochaberi.

Nikakimbia. Peke yangu. Nilitaka lango linione mimi kwanza. Mdudu akatoka kwenye mwamba, akanilaza chali.

Mama Bochaberi akarudi kuniinua. Linet alipiga kelele waniache, wapite tu, nioze huko. Mama akasema hamwachi mtu mlimani. Akaniinua. Kwa furaha nikarusha guruneti. Linet alikuwa amesimama mbele ya guruneti langu. Mama akaenda kumwinua Linet. Duke hakuwa anaimba tena.

Tukapanga mstari. Hatua nane. Saba. Mama Bochaberi akatazama dirishani, akaiweka pedi juu ya benchi taratibu, akasema Sabato njema, wanangu. Nikamsihi hatua saba tu, mama! Akanipigapiga begani.

Nikasema basi tutamaliza watatu. Ndipo Nyangate akanyoosha mkono ukutani akazima stima.

Giza. Nikapiga ukelele, nikauliza ana wazimu? Akanionyesha mlango. Umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto: IJUMAA JUA LIKIZAMA TUNAFUNGA. Umeandikwa hivyo miaka sita. Nyangate ni shemasi wa kanisa moja na Mama Bochaberi! Mji mzima unajua. Nikauliza kwa nini mimi sikuwahi kujua. Duke akanijibu kwamba Ijumaa mimi huwa nimeshakufa kufikia saa kumi na moja na kurudi nyumbani.

Vijana wawili wa ukumbini, ndio waamuzi, wakalinganisha hatua. Haron hatua kumi kutoka langoni, sisi saba. Nikaruka juu! Ndipo wakasema kwa masharti niliyoandika mwenyewe, kikosi kinachoacha pedi kabla ya mchezo kwisha kimeshindwa. Masharti hayo niliyatunga kwa ajili ya Haron.

Haron alinishika mkono, akanishukuru kwa mafunzo. Alimaanisha kweli. Hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Wasabato wako kanisani. Ukumbi umefungwa. Nimeenda kituoni kupima chai. Mchumaji mmoja ameniita "wewe". Nimekubali tu.

Jumapili, 10 Agosti

Kura imepigwa baada ya misa, kwa Nyangate. Kapteni ni Mama Bochaberi, kura tatu. Mimi nilipata moja, na Purity hana kura pale, kwa hiyo tunajua ni ya nani.

Kisha likaja la kiti. Linet alisema nitoke. Duke alitazama viatu vyake. Nilianza kukunja karatasi ya mbinu zangu niende nayo, na macho yalikuwa yameingiwa na kitu. Mama Bochaberi akasema karatasi ibaki ukutani, na Thadeus abaki kwenye benchi. Akasema ameniinua mara nyingi mno, hawezi kunitupa sasa. Ila kuna sharti moja: nikae nyuma yake, nisifyatue mpaka aniambie.

Nikamwambia mbuya mono, asante sana, mama. Nikaapa mbele ya wote kwamba nimejifunza.

Tukashuka Zohali. Nikakaa nyuma yake, nikatulia kama nimo kanisani. Dakika moja. Mbili. Nne nzima! Linet aligeuka akanipongeza. Dakika ya tano nikaona mdudu mdogo upande wa kulia. Mdogo sana, wa kumalizwa kwa risasi moja, na kapteni hakuwa amemwona.

Kapteni mpya alikufa papo hapo. Risasi yangu, mgongoni.

Linet ametoka nje kupumua. Duke amelala juu ya benchi amejifunika koti. Mama Bochaberi ameweka pedi, ananitazama.

Lakini nimefikiri kwa utulivu na kosa ni dhahiri. Kapteni hafai kusimama mbele. Nimeomba kalamu kwa Nyangate, naandika Mbinu ya Kumi na Tano. Halafu nimpigie Haron tupange marudiano. Nimeshapata siku asiyoweza kuja kabisa: Jumamosi, saa nne asubuhi, hapa hapa ukumbini.