Nilivyowaonyesha Wasichana Namna ya Kulinda Bega

Wasee, leo nimechomeka. Nimechomeka, aibu ile ya kuuliza kama kuna mtu anahama kaunti tuende pamoja.

Kwa wale hawajui, mimi hufundisha wasichana kurusha mkuki katika shule moja huku Molo. Na kama kuna kitu huwa nahubiri, ni bega. Hakuna kurusha kabla mwili upate joto. Hakuna kurusha na mkono peke yake, nguvu inatoka kwa miguu na kiuno. Kabla ushike mkuki, unavuta tyubu ya baiskeli tuliyofunga kwa goli, polepole, mara kumi na tano, ndio misuli ya nyuma ya bega iamke. Ukisikia kiwiko kinauma, weka mkuki chini, uniambie. (Wasichana huniita Pasta Bega. Wanadhani sijui.)

Sasa kuna Chelimo, wa kidato cha tatu. Huyo ndiye anarusha mbali kuliko wote. Wiki iliyopita akaniambia kiwiko kinamuuma upande wa ndani. Nikamsimamisha. Akimbie, afanye mazoezi ya miguu, lakini mkuki asiguse mpaka kipone. Shida ni kwamba mashindano ya kaunti ni wiki ijayo, Nakuru. Alilia. Mimi pia iliniuma hiyo siku, lakini kiwiko cha mtoto wa miaka kumi na sita si kitu cha kubahatisha.

Leo asubuhi babake akaja.

Alivuka uwanja na gambuti zake zimejaa matope ya shamba la viazi, akasalimia kila msichana kwa mkono, halafu akaniambia kwa upole sana kwamba hanielewi. Huo mkono wa Chelimo umevuna viazi tangu darasa la nne na haujawahi kulalamika. Sasa mimi naufungia nyumbani wiki ya mashindano?

Nikamweleza. Nikamweleza vizuri hata nikazidisha. Nikataja kano, nikachora bega kwa mchanga na kijiti. Mzee alinisikiliza vile mkulima husikiliza mtu anayemuuzia dawa ya viazi. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, wewe mwenyewe ulishawahi kurusha hii kitu?"

Wasichana kumi na wanne wakanigeukia.

Nimerusha, ndiyo. Miaka kumi na miwili iliyopita, kabla ya hiki kitambi. Mtu mwenye akili angemwambia mzee angoje, kisha yeye mwenyewe aende avute tyubu, azunguke uwanja mara mbili. Mimi nikaokota mkuki. Jaketi nimefunga zipu hadi kidevuni. Baridi ilikuwa ile ya pumzi kutoka kama moshi.

Chelimo akasema, "Kocha, na hujapasha mwili."

Nikamwambia hii ni ya kuonyesha tu.

Nikakimbia hatua tano. Miguu ilifika, mkono ukafika, kiuno kikabaki nyuma kabisa. Nikarusha na mkono peke yake, ile kitu nakataza kila siku. Bega likalia kama bua kavu la mahindi likivunjwa. Mkuki ukapanda kidogo, ukafikiria, ukalala kwa nyasi mbele yangu kama mgonjwa. Nikapiga nduru hadi mpishi wa shule akatoka jikoni na mwiko, akiuliza ni nani ameungua.

Nilijaribu kuinua mkono. Ukakataa kata kata.

Babake Chelimo ndiye alinifikia kwanza. Nitasema ukweli, mzee alishtuka. Alinishika kama yai. Chelimo akanifunga mkono na skafu yake, babake akanipakia kwa pikipiki yake, tukaenda zahanati. Kila shimo la hiyo barabara nililisikia. Mengine mara mbili.

Zahanati imejaa. Benchi limejaa, na chumba cha nesi hakina mlango, ni pazia, nalo limefunguliwa. Nesi akaniambia nivue jaketi. Siwezi. Basi yeye akashika zipu, mzee akashika mkono wa jaketi, wakavuta polepole.

Hapo ndipo nilikumbuka.

Saa kumi na mbili asubuhi, giza, baridi ya Molo, sitaki kuwasha taa niamshe mke wangu. Nikavaa kitu cha kwanza chenye joto nilichopata kitandani. Jaketi juu, nikaenda. Kitu chenyewe ni topu yake ya kulala. Ya pinki. Ina manyoya manyoya, na kifuani kuna paka mkubwa mwenye kope ndefu na ribboni. (Imenibana pia. Paka alikuwa amenenepa.)

Benchi lote likageuka. Nesi akamwangalia paka. Halafu akajikaza, akauliza kwa sauti ya kazi nilikuwa nafanya nini nikaumia.

Nikafungua mdomo niseme nilianguka. Mzee akanitangulia.

"Alikuwa anatufundisha namna ya kutoumia."

Sina la kuongeza. Mathe mmoja alilazimika kumpa jirani mtoto amshikie ili acheke vizuri. Nesi alisema anaenda kutafuta bandeji, na bandeji nilikuwa naziona hapo mezani. Alirudi macho yamelowa.

Hakuna kitu kimevunjika. Msuli umevutika. Nipumzishe mkono, na nisipopata nafuu niende Nakuru wanipige picha.

Tulipotoka nje mzee alikuwa bado anajifuta machozi. Halafu akaangalia mkono wangu kwa skafu ya binti yake.

"Na kiwiko cha Chelimo kinaweza kufika hapa?"

Nikamwambia chake kinaweza kuwa kibaya zaidi, kwa sababu mifupa yake bado inakua.

Akasema, "Basi apumzike. Mashindano yatakuja mengine."

Na akaniambia nyumbani ana tyubu kuukuu, nimwonyeshe vile Chelimo ataitumia kiwiko kikipona. Asubuhi nzima nimetafuta maneno ya kumshawishi huyu mzee, kumbe ilitakiwa tu niharibike mbele yake.

Nimefika nyumbani. Mke wangu ameangalia mkono, akasema pole, halafu akaangalia topu ilivyovutika, na ile pole ikaisha hapo hapo.

Naandika haya na kidole gumba cha kushoto. Tafadhali msinichekeshe huko kwa komenti, nikicheka bega linauma.