Siri Yangu na Programu

Jumatatu, 4 Machi

Leo siandiki, nasema! Fundi wa kompyuta ametuwekea toleo jipya la programu ya imla. Unaongea, inaandika. Nukta na mkato inaweka yenyewe. Inasikia hata mnong'ono. Nimejaribu hapa stoo ya majalada, mdomo ndani ya kola, haikukosa neno! Fundi alinisihi nisome kila kisanduku kabla ya kutia tiki. Vilikuwa kumi na viwili. Nani ana muda huo? Nimetia vyote. Kimoja kilihusu kuhifadhi kila kinachosemwa kwenye jalada la pamoja la ofisi. Safi. Hata kompyuta ikiungua, shajara yangu itabaki.

Habari kubwa: karani mkuu amestaafu. Wakili, bosi wetu, amesema Ijumaa inakuja familia inayogombania shamba la urithi. Mimi na karani mwenzangu Mama Vidole tutaandika muhtasari wa kikao, kila mtu wake. Atakayeandika vizuri ndiye karani mkuu. Mama Vidole anapiga chapa mwaka wa thelathini sasa, na hatazami vidole. Lakini lazima nishinde. Jumamosi mama mkwe anakuja kuiona ofisi, na siku ya kuposa nilimwambia karani mkuu ni mimi. Mke wangu naye anaamini hivyo hivyo. Uongo huu tunaujua wawili tu: mimi na wewe, shajara.

Jumanne, 5 Machi

Nina hamu ya kujua kila kitu. Programu inatenganisha sauti! Nimeiwekea redio, nikakohoa, mfagiaji akaimba. Imeandika: Msemaji wa Kwanza, Msemaji wa Pili, Msemaji wa Tatu. Nikabana pua. Bado ikanitambua. Inajuaje?

Mpango: Mama Vidole hawezi kukaa nusu saa bila mto wake mgongoni. Kesho nitawahi saa moja, mto uingie nyuma ya majalada ya mwaka juzi. Akamtafute mchawi.

Jumatano, 6 Machi

Nimewahi. Mto haupo! Kaenda nao nyumbani. Juu ya kiti changu nimekuta mto mwingine, mpya, wa maua. Mama Vidole aliniuliza kwa upole kama na mimi mgongo unanisumbua, maana naonekana mtu wa kufikiria sana mito. Nani kamwambia? Namshuku mfagiaji.

Jambo jingine: pembeni ya kioo cha kompyuta kuna alama ya kijicho kidogo chenye namba. Jana moja, leo mbili. Sijui ni nini. Nitachunguza.

Mpango mpya. Simu yangu, ambayo nayo ina programu, nitaibandika chini ya meza ya mikutano kwa plasta, upande wa mlangoni. Programu iandike kila kitu. Mimi nitashika kalamu na kutazama dari kama msomi.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio limefaulu. Nilibandika simu, nikazunguka chumba nikisema majina ya miezi. Yote kumi na mawili yametoka. Wakili alipita mlangoni, akaniuliza plasta inatosha au aniongezee. Nikasema nimejikata kidole. Akanipa pole, akaenda zake akitikisika mabega. Ana kifua, nadhani.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Kabla ya kikao wakili aliingiza mkono chini ya meza, akabandua simu, akaiweka kando ya jagi la maji. Akasema hapa itasikia vizuri zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini programu ilifanya kazi ya ajabu. Ndugu saba wakizozana kwa pamoja, ikawatenganisha wote! Kurasa arobaini na moja. Vikohozi vimo. Matusi ya kaka mkubwa yamo. Na mnong'ono wa dada mdogo umo pia: kwamba shamba halitaki, anataka tu kaka yake amsalimie. Nilichapa nakala saba, nikamgawia kila mtu. Kila mtu akasoma. Ugomvi uliokuwa umekwisha ukaanza upya, na dada mdogo akatoka nje analia.

Mama Vidole alikuwa na ukurasa mmoja: waliyokubaliana, na mahali pa kutia saini. Alimfuata yule dada nje. Sijui alimwambia nini. Waliporudi kaka mkubwa alisimama, akamsalimia. Wakatia saini ukurasa ule mmoja.

Karani mkuu ni Mama Vidole. Nimeumia, sifichi. Na kesho mama mkwe ataniona nilivyo. Naona haya, shajara. Naona haya kweli.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe alifika saa nne na mke wangu. Kabla sijafungua mdomo Mama Vidole aliinuka kwenye kiti kikubwa, akampokea mkoba, akamwambia karibu sana mama, samahani nimekikalia kiti cha mkwe wako, alikuwa masijala mara moja. Akanivuta nikae. Mto wake ukiwa bado mgongoni pa kiti! Wakili mwenyewe akaleta chai, akaniita mkuu. Mama mkwe aliondoka akitabasamu hadi getini.

Nilikaribia kulia. Ila sielewi. Siri ile sikumwambia mtu. Wamejuaje?

Jumatatu, 11 Machi

Nimefikiri siku nzima ya jana. Jibu ni moja: wananiogopa. Mtu hakuachii kiti bure. Basi mpango ni huu, nasema kwa mnong'ono: mwezi ujao Mama Vidole anakwenda likizo. Akitoka tu, nahamia kwenye kiti kile na vitu vyangu vyote, hata mto wa maua. Akirudi atanikuta nimezoea. Hakuna atakayejua mpaka siku yenyewe.

Kijicho kimefika tisa. Ofisi nzima tuko kumi, kwa hiyo hakihusiani na watu. Nimekwisha kuelewa: ni idadi ya mambo ambayo programu imejifunza kwangu. Wiki moja tu! Hakika, ina kichwa chepesi.