Mguu wa Kiilu na Tangi Langu

Jumatatu, 4 Machi 1985
Konstebo Kiilu, mume wa binti yangu Mumbua, alivunja mguu kule Kambu akikimbiza mwizi wa mbuzi. Kazini! Na yunifomu! Lazima serikali ilipe fidia. Alhamisi daktari anakuja kumpima hapa dispensari ya Kilungu. Mguu ukionekana umeharibika, Kiilu atanijengea tangi la maji. Jirani yangu Mbinya analo. Kila Jumapili anamshukuru Mungu kwa hilo tangi kanisani, kwa sauti! Mimi nateka mtoni na mgongo huu.

Jumanne
Nimemwona Kiilu kwa mbali. Anachechemea kidogo tu, kama kuku aliyekanyaga mwiba. Aibu! Kumwambia siwezi. Kwetu Ukambani mkwe na mama mkwe hawakutani. Akiniona njiani anaingia kichakani. Ana heshima, sikatai. Nimemtuma Mumbua amwambie avute mguu kama gunia la mahindi. Mumbua akasema, mwaitu, mama yangu, mguu unamuuma kweli, maigizo ya nini? Mjinga. Hata ukweli husukumwa.

Jumatano
Mbinya amepita kuuliza tangi langu litakuwa la saruji ama la maombi. Akacheka. Na hayo meno mawili!

Alhamisi
Mumbua alinikataza kwenda. Nikaenda. Vijana wa siku hizi hawajui kueleza uchungu. Nikasukuma mlango. Kiilu kitandani, analia vizuri kabisa. Mkubwa wake wa polisi kando, amesikitika. Daktari anatingisha kichwa, anaandika. Nikasema, daktari, huo mguu umekufa!
Kiilu akaniona. Uso kwa uso, suruali imekunjwa hadi pajani! Wee! Akaruka dirishani kama swala. Daktari akachungulia nje, akamwona anavyokata mbio, akarudi, akafuta yote. Akaandika amepona.
Tangi limeenda.

Ijumaa
Mumbua haniongeleshi. Kumbe Kiilu alipofika kichakani aliangukia jiwe, akavunja mguu ule mwingine. Pole yake.
Lakini ngoja. Pale dispensari aliitwa na nani? Mkubwa wake! Basi hiyo ni kazini. Serikali ilipe miguu miwili. Matangi mawili! Mbinya atatafuta kanisa lingine.
Daktari anarudi Jumatatu. Nitamweleza mwenyewe, Mumbua apende asipende. Na mimi si mjinga. Nikiingia kwa mlango, Kiilu ataniona.
Nitapitia dirishani.